Mlingoti wa Serikali Usibebe Bendera za Waliotutawala

BARUA YA WAZI

Kwa: Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani wa Manispaa ya Tabora, Mkurugenzi wa Manispaa.
Nakala: Wasimamizi wa Mambo ya Kale, makumbusho ya Kwihara.

YAH: PENDEKEZO LA KUPANDISHA BENDERA ZA TAWALA ZA ZAMANI KWENYE MAJENGO YA SERIKALI

Waheshimiwa,

Naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe linazungumzwa hadharani. Kila utalii wa Tabora unapotajwa, vijiweni na kwenye vikao, kuna wazo ambalo haliachi kurudi: kwamba mbele ya majengo ya umma tuliyoachiwa na Wajerumani isimikwe milingoti, na juu yake zipepee bendera za wote waliowahi kuushika mji huu, kuanzia ile nyekundu ya Sultani wa Zanzibar hadi ya Mwingereza, ili mgeni akishuka kwenye treni ajue papo hapo kwamba amefika mji wenye historia. Wanaolisema si watu wa nia mbaya. Wengi wao ni vijana wanaotafuta riziki kwa kutembeza wageni, na wana haki ya kuuliza kwa nini mji wenye mambo makubwa namna hii unapitwa tu na watu wanaokimbilia mbugani na ziwani. Hata hivyo nawaomba mlikatae wazo hilo, na mlikatae mapema, kabla fundi hajaitwa kuchimba shimo la mlingoti wa kwanza.

Mimi ni mhudumu mstaafu. Nilitumikia ofisi za serikali katika mkoa huu hadi umri wa kustaafu uliponifikia. Nilifagia, nilipeleka mafaili, nilichemsha chai ya wakubwa, lakini kazi niliyoithamini kuliko zote ilikuwa ya bendera: kuipandisha saa 12 asubuhi na kuishusha saa 12 jioni. Watu hudhani ni kuvuta kamba tu. Kamba hulika kwenye kapi, na ikikatika bendera ikiwa juu, ni fedheha ya ofisi nzima. Upepo wa kiangazi chetu huuchana kwanza ukingo wa nje, upande wa buluu, na jua huufubaza ule wa kijani. Mhudumu anayejua kazi yake haisubiri ichanike. Anawakumbusha wakubwa mapema waagize nyingine.

Oktoba 14, 1999, ilipotangazwa kwamba Mwalimu Nyerere amefariki dunia, amri ilikuja bendera iwekwe nusu mlingoti. Hapo pia pana utaratibu wake. Huivuti hadi katikati ukafunga kamba. Unaipandisha kwanza mpaka kileleni, inatulia kidogo, ndipo unaishusha taratibu hadi nusu. Na jioni unairudisha tena juu kabisa kabla ya kuitoa. Nilifanya hivyo machozi yakinitoka. Waliokuwa wanapita barabarani walisimama. Muuza karanga mmoja aliliweka sinia lake chini, akavua kofia. Hakuna aliyemwamuru.

Ninalieleza hili kwa sababu ndilo kiini cha hoja yangu. Katika nchi hii mlingoti wa serikali hauonyeshi kitu, unakiheshimu. Kinachowekwa juu yake serikali imekisimamia mbele ya raia wote, na raia wamefundishwa tangu darasa la kwanza namna ya kukipokea. Filimbi ya bendera ikilia, mwenye baiskeli anashuka, mama mwenye mzigo anasimama, mazungumzo yanakatika. Huwezi kumlea mtu hivyo tangu utotoni, kisha umwambie kwamba mlingoti huu ni wa kusimamia wima na ule wa pembeni ni wa kupigia picha. Mwili haubagui.

Nimeliona kwa macho yangu. Kwenye jengo moja la umma, ambalo sitalitaja kwa kuwa waliohusika walitaka tu kuwafurahisha wageni waliotarajiwa, kilitundikwa barazani kitambaa cha mistari mitatu, mweusi, mweupe na mwekundu: bendera ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani wa enzi zile. Kilikuwa kimeshonwa vizuri, pindo limepigwa mara mbili. Kilikaa pale tangu mchana. Saa 12 jioni filimbi ikalia ofisi ya jirani na wapita njia wakasimama kama kawaida. Lakini mlingoti wa jirani ulikuwa umezibwa na mwembe, na kilichokuwa wazi mbele ya macho yao kilikuwa kile cha barazani. Binti mmoja aliyevaa sare ya shule, mwenye dumu la maji, alilitua chini, akaunganisha visigino, akakikabili kitambaa kile kwa heshima zote mpaka filimbi ya pili. Kisha akanigeukia: "Shikamoo babu. Ile ni ya nchi gani?" Nikamwambia ni ya watu waliokuja kumnyang'anya Mtemi Isike nchi yake. Akaiangalia tena, akabeba dumu lake akaenda. Mimi nikaingia ndani kumwona mhusika, nikamwomba aitoe. Aliitoa bila ubishi, nami namshukuru mpaka leo.

Waheshimiwa, tuzitazame bendera zenyewe, maana zinatajwa kwa mkupuo kana kwamba ni mapambo ya rangi tofauti.

Ile nyekundu ilikuja na misafara. Mbele ya msafara uliotoka pwani alitangulia kirangozi akiwa ameibeba, na nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu wa hapa hapa. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliikuta Kazeh, yaani Tabora ya enzi hizo, imekwisha kuwa kituo kikubwa cha wafanyabiashara wa Kiarabu. Chini ya bendera hiyo zilipita pembe za ndovu na walipita binadamu waliofungwa. Wajukuu wa wafanyabiashara wale ni majirani zetu. Tumeoleana nao, tumezikana nao. Sioni sababu ya kuwawekea mbele ya macho kila asubuhi dhambi ambayo si wao walioitenda. Wala sioni sababu ya kumlazimisha mjukuu wa aliyeuzwa apite chini yake akienda kulipa kodi.

Bendera ya Kijerumani aliileta Emin Pasha, mtumishi wa Wajerumani, mwaka 1890. Isike, mtemi wa Unyanyembe, hakuikubali. Ngome yake ilishambuliwa ikakataa kuanguka, wakarudi tena, hadi Januari 1893 kikosi kilichoongozwa na Tom von Prince kilipopenya ndani. Isike akawasha baruti aliyokuwa ameihifadhi, akajilipua kuliko kushikwa. Haya kila mtoto wa Tabora huyasoma shuleni. Yaliyofuata baada yake ni kodi ya nyumba, kazi za lazima na viboko 25 vya kiboko halisi. Kusini mwa nchi vilifuata Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, ambavyo makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kupanda mara kadhaa zaidi ya hapo, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Ndiyo, reli ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, nami naipenda stesheni yetu kama anavyoipenda mtu yeyote aliyekulia mji huu. Ilijengwa kwa migongo ya babu zetu. Haihitaji kitambaa cha Kaiser ili isimame.

Septemba 19, 1916 waliingia Wabelgiji. Nasema Wabelgiji, ila walioingia kwa miguu na bunduki wengi wao walikuwa Wakongo waliotumikishwa na dola ile. Jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni uliobeba jina la mji wetu. Hapa mjini hawakudumu. Kigoma na Ujiji ndiko walikoshikilia hadi 1921. Wapagazi waliokufa wakibebea majeshi yote ya vita ile, la Mjerumani, la Mbelgiji na la Mwingereza, wengi wao hawana hata orodha ya majina.

Kisha Mwingereza, na Union Jack yake, na ile bendera nyekundu ya Tanganyika yenye kichwa cha twiga, mpaka usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Na hapa ndipo pendekezo hili linapouma Tabora kuliko mahali pengine popote. TANU, chama kilichodai uhuru, ilikutana katika mji huu Januari 1958. Wajumbe walikuwa wamegawanyika vibaya kuhusu kura tatu, ule utaratibu wa kumlazimu kila mpiga kura amchague Mzungu, Mwasia na Mwafrika kwa pamoja, na wapo waliokuwa tayari kuususia uchaguzi wote. Mwalimu aliwashawishi washiriki, wakashiriki, wakashinda. Uamuzi uliofanya bendera ile ishushwe bila damu kumwagika ulifanyika hapa. Mji uliotoa uamuzi huo hauwezi kuwa wa kwanza kuipandisha tena, eti kwa sababu ya viingilio.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia mtu akilisema. Safu ya milingoti ingesimulia habari za wenye vitambaa peke yao. Utemi wa Unyanyembe heshima yake ilikaa kwenye ngoma. Mirambo wa Urambo, aliyewatoa jasho Waarabu na kumfanya Stanley akimbie vita mwaka 1871, angekuwa wapi kwenye safu hiyo? Kirangozi angekuwa wapi? Mgeni angesimama pale akahesabu Sultani, Kaiser, Mbelgiji, Mwingereza, akaondoka akiamini kwamba kabla na katikati ya hao hapakuwa na mwenye nchi. Huko ni kuipotosha historia.

Sisi si wa kwanza kukutana na mjadala huu, na waliotutangulia wameulipia gharama kubwa. Marekani, katika jimbo la South Carolina, bendera ya Shirikisho, ile ya majimbo ya Kusini yaliyopigana kati ya 1861 na 1865 ili utumwa ubaki, ilikuwa inapepea kwenye viwanja vya makao ya serikali ya jimbo mjini Columbia. Walioitetea walisema ni urithi tu. Juni 17, 2015 kijana mmoja mzungu aliingia kwenye kanisa la watu weusi mjini Charleston, akaketi nao kwenye kipindi cha Biblia, kisha akawapiga risasi na kuua tisa. Alikuwa amepiga picha akiwa na bendera hiyo. Maombolezo yalipotangazwa, bendera ya Marekani na ile ya jimbo zilishushwa nusu mlingoti juu ya jengo. Ile ya Shirikisho ilibaki kileleni, kwa kuwa kwa sheria ya jimbo haikuguswa bila uamuzi wa bunge lake. Mimi niliyeshika kamba siku ya msiba wa Mwalimu nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Kwamba mhudumu mwenzangu wa kule, hata angetaka, asingeweza kuishusha. Mwanamke mmoja, Bree Newsome, alipanda mlingoti ule siku kumi baadaye, akaivua kwa mkono wake. Akakamatwa, nayo ikarudishwa juu. Mwishowe bunge la jimbo lilipiga kura, na Julai 10, 2015 ikashushwa na kupelekwa makumbusho.

Kusoma hayo kusitufanye tuchukue ugomvi wa wengine. Ninachokiona pale ni jinsi ilivyo rahisi kupandisha na jinsi ilivyo vigumu kushusha. Kitambaa kikishakaa juu miaka kadhaa hupata watetezi, hupata sheria ya kukilinda, na kukitoa huwa ni vita.

Afrika Kusini wametuonyesha njia iliyo karibu na hali yetu. Bendera yao ya zamani, ya rangi ya machungwa, nyeupe na buluu, ilitumika tangu 1928 hadi 1994 na kufunika miaka yote ya ubaguzi. Agosti 21, 2019, Jaji Phineas Mojapelo wa Mahakama ya Usawa mjini Johannesburg aliamua kwamba kuionyesha bila sababu ya msingi ni kauli ya chuki. Lakini hakuizika. Alibakiza nafasi kwa elimu, sanaa na uandishi wa habari. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ya huko ikaukubali uamuzi kwa sehemu kubwa. Naona hekima ndani yake: kitambaa ni kile kile, lakini kinapowekwa ili kiheshimiwe ni jambo moja, na kinapowekwa ili kieleweke ni jambo jingine.

Na kwa wale wanaosema Wajerumani watafurahi wakija wakaiona ya kwao, nawaomba wafikiri tena. Bendera ya Ujerumani ya leo ni nyeusi, nyekundu na dhahabu. Ile ya nyeusi, nyeupe na nyekundu, kwao siku hizi hubebwa sana na watu wa siasa kali za mrengo wa kulia, kwa kuwa ile ya Wanazi imepigwa marufuku kisheria. Agosti 29, 2020 watu wa namna hiyo walipanda nazo ngazi za jengo la Bunge mjini Berlin, na viongozi wa nchi ile wakalaani. Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea Novemba 1, 2023, akasimama penye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa waliyotendewa mababu zetu. Mjukuu wa mkosaji amekuja kuinamisha kichwa. Sisi wajukuu wa waliokosewa tumpandishie Kaiser bendera?

Najua nitaambiwa nataka kufuta historia. Sitaki. Nisingependa tofali hata moja la Boma liondolewe, wala jina la Kijerumani kwenye kaburi lolote lifutwe. Hata bendera zenyewe nataka watu wazione, tena kwa karibu zaidi kuliko ambavyo mlingoti ungewaruhusu. Ziwekwe ndani. Kwihara ipo, tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuachana na Stanley, na kama nafasi haitoshi kitafutwe chumba mjini. Zilazwe kwenye kabati la kioo, na chini ya kila moja yaandikwe kwa Kiswahili kilichonyooka mambo yaliyotendwa kwa jina lake: nani aliuawa, nani aliuzwa, kodi ilikuwa kiasi gani, nini kilijengwa na nani alikijenga. Ngoma ya utemi ikae chumba hicho hicho, mahali pa kwanza mlangoni. Mzigo wa mpagazi ufungwe kama ulivyofungwa, uwekwe sakafuni, na mwanafunzi aruhusiwe kujaribu kuunyanyua.

Ziwepo na zile sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo Wajerumani walizigonga hapa Tabora mwaka 1916 walipokuwa wamezingirwa na fedha imewaishia. Wakusanyaji wa sarafu ulimwenguni wanazitafuta kwa bei kubwa, nasi tunazungumza juu ya vitambaa ambavyo fundi yeyote anaweza kuvishona kwa jioni moja! Vijana wetu wa utalii wakiwa na chumba kama hicho watakuwa na saa mbili za kumsimulia mgeni. Mlingoti unamalizika kwa picha moja.

Sheria hii naiomba iwe ya wote. Hata bendera ya TANU, kijani na nyeusi, ambayo mimi binafsi huitazama kwa mapenzi, ikae humo ndani pamoja na nyingine, na maelezo ya Januari 1958 pembeni yake. Mgeni rasmi wa nchi akija na itifaki ikataka bendera ya nchi yake ya leo ipandishwe, hilo ni suala la heshima kati ya serikali mbili na halina mgogoro. Nazungumzia zile za tawala zilizokufa.

Basi naomba mambo matatu. Baraza la Madiwani lipitishe azimio kwamba kwenye viwanja na majengo ya umma ya Manispaa hazitapandishwa bendera za tawala za zamani, iwe kwa sherehe, kwa filamu au kwa utalii. Ofisi ya Mkoa iwaandikie Mambo ya Kale kuomba mpango wa chumba hicho, na wahusishwe watu wa ukoo wa utemi, familia za Waarabu wa mji, Wamanyema na walimu wa historia tangu mwanzo, wasiitwe siku ya kukata utepe. Na kabla ya lolote, muitishe mkutano wa wananchi ili vijana wanaolitaka wazo la milingoti waseme wenyewe, maana nimewasemea kwa kifupi na huenda wana hoja ambazo sijazisikia.

Mkutano huo msiuweke asubuhi ya siku ya kazi. Mama wa sokoni hawatafika, na wao ndio wanaopita mbele ya majengo hayo kila alfajiri. Jumapili alasiri ingefaa. Tangazo libandikwe kwenye ofisi za kata zote na gari la matangazo lipite Ng'ambo, Isevya, Gongoni na Kiloleni, siyo katikati ya mji tu. Jibu lenu kwa barua hii nalo naomba libandikwe hapo hapo, lenye mhuri.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhudumu mstaafu,
Isevya, Tabora